Stika ya Muda Kwenye Trela: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vinaili ya Kubandulika

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila trela inapotakiwa kuvishwa picha kwa msimu, maonyesho au kampeni, kisha irudishwe ilivyokuwa. Majibu yamepewa namba ili swali moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya msingi

1. Vinaili ya kubandulika ni kitu gani hasa?

Ni utando mwembamba wa plastiki ya PVC uliopakwa gundi upande mmoja. Gundi hiyo imetengenezwa iachie bila kung'oa rangi wala kuacha mabaki mengi, mradi ibanduliwe ndani ya muda uliotajwa na mtengenezaji.

Sharti hilo la muda ndilo wengi huliruka. Gundi ya stika haikauki ikawa ngumu kama gundi ya mbao. Hubaki laini maisha yake yote, na kwa kuwa ni laini, hutambaa polepole na kuingia kwenye vijishimo vya rangi ambavyo jicho halivioni. Siku ya kwanza imegusa vilele tu, ndiyo maana stika iliyobandikwa saa moja iliyopita hutoka kwa kuvutwa kidogo. Baada ya majuma kadhaa ya jua imejaza na mabonde. Gundi ya kubandulika hutambaa taratibu kuliko ya kudumu, lakini nayo haisimami.

2. Karatasi ya maelezo inasema inadumu nje miaka 3 na inabandulika ndani ya mwaka 1. Nifuate ipi?

Kwa kazi ya muda, fuata ile ya kubandulika. Namba ya kwanza inazungumzia stika kubaki nzuri machoni: isipauke, isipasuke, isijikunje. Ya pili inazungumzia itakavyotoka. Ni ahadi mbili tofauti, na duka likikutajia moja tu, mara nyingi ni ile kubwa.

Soma pia maandishi madogo. Muda wa kubandulika kwa kawaida hutolewa kwa uso wima, wenye rangi nzuri iliyokomaa, katika hali ya hewa ya wastani. Jua kali la mchana kutwa huupunguza.

3. Nianze na kipi ninapochagua?

Anza na tarehe ya kubandua. Iandike kabla ya kuangalia rola yoyote ya vinaili. Kisha angalia uso wa trela (swali la 7 hadi la 9), halafu umbo lake, yaani kama ni bapa, lina ribiti (misumari ya kuunganishia mabati) au lina mawimbi (swali la 10). Wino, laminesheni (utando angavu unaofunika picha kuilinda) na mng'ao huja mwisho. Anayeanza na mng'ao hujikuta na picha safi kwenye utando usiofaa trela yake.

4. Kuna tofauti gani kati ya vinaili ya monomeriki, ya polimeriki na ya kumiminwa?

Tofauti yake kubwa ni jinsi zinavyotengenezwa, na hapo ndipo tabia zote za baadaye zinapoanzia.

Monomeriki na polimeriki zote mbili ni vinaili za kusukumwa: PVC ya moto hupitishwa kati ya mitungi mizito inayozunguka mpaka iwe shuka nyembamba, kwa kawaida mikroni 70 hadi 100 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Imenyooshwa kwa nguvu, na ikipata joto la jua inataka kurudi ilikotoka. Ndiyo maana stika ya bei rahisi huanza kuonyesha ukanda mwembamba wa gundi chafu pembeni: utando umejivuta ukaiacha gundi nje.

Kinachozitenganisha ni kilainishi kilichochanganywa humo. Kilainishi cha monomeriki kina molekuli ndogo zinazohama kirahisi. Zikitoka, utando hukauka, husinyaa na kuwa mkavu kama ganda. Cha polimeriki kina minyororo mirefu inayokaa mahali pake, kwa hiyo utando hubaki laini muda mrefu zaidi na husinyaa kidogo.

Vinaili ya kumiminwa hutengenezwa kwa kumwaga PVC ya majimaji juu ya shuka maalumu na kuikausha kwenye oveni. Haikuvutwa, basi haina pa kurudi. Ni nyembamba, mikroni 50 hivi, na hulala vizuri kwenye ribiti na mikunjo.

Ushauri wetu ni huu: monomeriki kwa kazi ya majuma machache kwenye bodi bapa tu, polimeriki yenye gundi ya kubandulika kwa kazi ya miezi kadhaa kwenye bodi bapa au yenye mpindo mdogo, ya kumiminwa pale penye ribiti nyingi au mawimbi, hata kama kazi ni ya miezi mitatu. Na kumbuka kwamba neno "kubandulika" linaelezea gundi, wala halisemi chochote kuhusu utando. Unaweza kupata gundi hiyo kwenye vinaili ya aina yoyote kati ya hizi tatu.

5. Je, kuna wakati gundi ya kudumu inafaa kwa kazi ya muda?

Upo. Ili stika itoke safi, mambo mawili lazima yawe kweli: gundi iwe imeshika utando kuliko ilivyoshika rangi, na utando wenyewe uwe na nguvu ya kuvutika bila kukatika. Monomeriki ya kubandulika iliyokaushwa na jua huanguka kwenye sharti la pili. Gundi ingekubali kuachia, lakini utando unakatika vipande vya ukubwa wa kucha, na kazi ya saa mbili inakuwa ya siku mbili. Vinaili nzuri ya kumiminwa yenye laminesheni, ingawa gundi yake ni ya kudumu, ikipashwa joto hutoka kwa mapande makubwa, na mabaki machache ya gundi husafishwa.

Kwa hiyo kwa trela yenye ribiti nyingi itakayotembea barabara kuu kwa mwaka mzima, kumiminwa kwa gundi ya kudumu ni chaguo la haki. Sharti ni kwamba rangi iwe ya kiwandani na imara. Kwenye rangi ya kupuliziwa gereji usithubutu.

6. Watu hutaja ORACAL 651 na 631. Zinafaa?

Zote mbili ni vinaili zinazotumika zaidi kukatia herufi na maumbo ya rangi moja. 631 ina gundi ya maji inayobandulika na uso usiong'aa. Ni ya kuta za ndani na maonyesho ya muda mfupi. 651 ina gundi ya kudumu ya solventi (kiyeyushi cha kemikali) na ni ya nje. Kwa trela inayotembea, 631 itaanza kunyanyuka kingo upepo na mvua vikishaizoea, na 651 haikutengenezwa itoke safi. Kwa picha kubwa tafuta vinaili ya kuchapia yenye gundi ya kubandulika iliyoandikwa wazi kuwa ni ya magari au ya nje.

## Uso wa trela

7. Ni uso upi unaikubali gundi ya kubandulika?

Alumini iliyopakwa rangi kiwandani, laini na inayong'aa, ndiyo bora kuliko zote. Faibaglasi laini inafuata, ila ile yenye chembechembe hugusana na gundi sehemu chache tu. Chuma cha pua hushika vizuri. Alumini tupu huota ukungu mweupe wa kutu, na gundi hushika ukungu huo badala ya chuma. Isugue na kuisafisha kwanza, na hata hivyo ijaribu.

Gundi ya kubandulika haina nguvu ya ziada ya kusamehe. Kwenye rangi ya unga (ile inayopuliziwa ikiwa unga mkavu kisha kuokwa) yenye uso wa kukwaruza, mbao, plastiki zenye mguso kama wa nta kama vile polithini na polipropilini, au mpira wa pembezoni mwa milango, itaachia yenyewe. Sehemu hizo ziache wazi kwenye muundo wa picha, au ziwekee kibao bapa cha plastiki ngumu au alumini kinachofungwa kwa skrubu, ubandike juu yake.

8. Rangi ya trela imepauka. Bado inafaa?

Weka kiganja chako, au kitambaa cheusi kikavu, juu ya rangi na usugue kwa nguvu. Ukiona unga mweupe au wa rangi ya trela, uso umechakaa na unamomonyoka. Stika itashika unga huo, na unga haukushika chochote. Itaanguka mapema, au ikibanduliwa itaondoka na tabaka la rangi na kuacha mabaka.

Dawa ni kupolishi kwa dawa ya kukwangua isiyo na nta wala silikoni mpaka kitambaa kitoke safi, kisha kusafisha kama ilivyo kwenye swali la 16. Kama unga unarudi baada ya siku chache, usibandike.

9. Trela imepakwa rangi juzi. Nisubiri muda gani?

Rangi iliyookwa kwenye oveni ipe angalau juma moja. Iliyokauka kwa hewa ipe siku 30 au zaidi. Rangi mbichi hutoa mvuke wa solventi, na mvuke huo ukizibwa hutengeneza malengelenge madogo chini ya stika, mengi kama vipele, yanayorudi hata ukiyatoboa. Kibaya zaidi, gundi na rangi mbichi huchanganyika, na siku ya kubandua hutoka pamoja.

Kipimo cha haraka: bandika kipande cha vinaili cha sentimita 10 kwa 10, kiache saa 24 mahali penye joto. Kikivimba, rangi bado.

10. Nifanyeje na ribiti na mabati ya mawimbi?

Kichwa kimoja cha ribiti ukikitazama kwa karibu kinaeleza kazi nzima. Ukipitisha skwiji (kibao bapa cha kukandamizia stika), utando hupanda juu ya kichwa na kushuka upande wa pili kama hema. Kuzunguka kichwa hubaki pete ya hewa. Ukiuacha hivyo, hema hilo hupata joto mchana, hewa hutanuka, pete hukua, maji huingia kupitia kitundu chochote, na ndani ya majuma machache una duara lililonyanyuka la ukubwa wa sarafu kwenye kila ribiti.

Utaratibu ni huu. Bandika bodi nzima kwanza, ukiacha mahema. Toboa kila hema mara mbili au tatu kwa sindano, karibu na ukingo wake. Pasha kwa mashine ya hewa moto mpaka utando ulegee na kung'aa, kisha ugongegonge kwa brashi ngumu ya ribiti ukienda mviringo kutoka nje kuelekea kichwani. Mwisho pasha tena utando ukiwa umelala: kwa vinaili nyingi za kumiminwa ni nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, ukipima kwa kipimajoto cha miale. Joto hilo la mwisho huifanya vinaili isahau umbo lake la zamani. Likirukwa, hema hurudi.

Vinaili ya kusukumwa haisahau, na hiyo ndiyo sababu haitakiwi hapa. Kama bajeti haifiki, kata vinaili kuzunguka kila kichwa cha ribiti kwa duara linaloacha milimita 2 au 3. Itaonekana ukikaribia, lakini hainyanyuki. Kwa mabati yenye mawimbi ya kina, gundi ya kubandulika haifai hata ukitumia ya kumiminwa. Tumia mabango ya turubai yanayofungwa kwenye fremu.

11. Nijaribuje kabla ya kununua rola nzima?

Omba mita moja ya sampuli yenye wino na laminesheni utakayotumia kweli. Kata vipande vitatu vya sentimita 30 kwa 30. Kimoja kibandike upande unaopigwa na jua zaidi, kimoja karibu na magurudumu panaporuka tope, kimoja juu ya ribiti au sehemu iliyowahi kurekebishwa rangi. Acha siku 7. Angalia kingo, kisha bandua nusu ya kila kipande ikiwa baridi na nusu ukiipasha. Kama rangi inatoka sasa, baada ya miezi sita itatoka zaidi.

## Kuchapa, laminesheni na kiasi

12. Laminesheni ni lazima kwa kazi fupi?

Kwa tukio la siku chache trela ikiwa imesimama, hapana. Kwa trela itakayotembea, ndiyo. Mawe ya barabarani, brashi za kuoshea na mafuta yanayomwagika hula wino usiofunikwa. Faida inayosahaulika ni kwamba laminesheni huongeza unene na nguvu ya utando, kwa hiyo siku ya kubandua hutoka kwa mapande makubwa.

Linganisha jamii: laminesheni ya kumiminwa juu ya vinaili ya kumiminwa, ya kusukumwa juu ya ya kusukumwa. Ukiweka laminesheni ya kusukumwa juu ya utando wa kumiminwa, tabaka la juu litasinyaa na la chini halitasinyaa, na kingo zitajikunja kuelekea nje. Gundi ya kubandulika haiwezi kuzizuia.

13. Wino ukauke muda gani?

Wino wa solventi na wa eko-solventi upe saa 24 kwa uchache, 48 kwa picha zenye rangi nzito, rola ikiwa imelegezwa au imesimamishwa wima ili hewa ipite. Rola iliyokazwa haikauki katikati. Solventi iliyobaki hupenya hadi kwenye gundi na kuilainisha. Matokeo ni kingo kujikunja siku za mwanzo na gundi kubaki kwenye rangi siku za mwisho. Kazi nyingi zinazolaumiwa kwa "gundi mbaya" zimeharibikia hapa.

Wino wa lateksi hutoka kwenye mashine ukiwa umekauka. Wino wa UV (unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno) pia, ila baadhi yake ni mgumu na hupasuka ukivutwa kwenye ribiti.

14. Nihesabuje kiasi cha vinaili?

Tuchukue trela yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 2.1 na kimo cha bodi cha mita 2.1, rola ikiwa na upana wa sentimita 137. Upana unaochapika ni sentimita 134 hivi. Ukitoa sentimita 2 za kupandana, kila kipande kinachoongezwa hufunika 132.

Ongeza sentimita 5 za ziada kila upande: ubavu unakuwa mita 6.1 kwa 2.2. Gawa 6.1 kwa 1.32 upate 4.6, yaani vipande 5 vya wima, kila kimoja mita 2.2. Hiyo ni mita 11 kwa ubavu, mita 22 kwa mbavu mbili. Nyuma ni vipande 2 vya mita 2.2, yaani mita 4.4. Jumla mita 26.4. Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya kuharibika ufike mita 29 au 30. Penye ribiti nyingi weka asilimia 20. Laminesheni ni kiasi hichohicho.

Chukua rola zote za toleo moja la kiwandani, na uchape vipande vyote vikielekea upande mmoja. Ukigeuza kipande kimoja ili kubana nafasi, rangi yake huweza kutofautiana na ya jirani yake, na kwenye anga la bluu tofauti hiyo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

15. Viungio vipandane vipi?

Viungio vya wima: kipande cha mbele kiwe juu ya cha nyuma, ili upepo usikute ukingo wa kuingia. Kwa hiyo bandika ukianzia nyuma ya trela kwenda mbele. Viungio vya mlalo: cha juu kiwe juu ya cha chini, kama vigae vya paa. Kupandana kwa sentimita 1.5 hadi 2.5 kunatosha. Kwa gundi ya kubandulika kiungio ndicho sehemu dhaifu, kwa kuwa hapo stika inashika stika na si rangi. Hivyo panga visipite kwenye ribiti wala kwenye nyuso na herufi ndogo.

## Kubandika

16. Uso usafishwe vipi, na joto liwe kiasi gani?

Osha kwa maji na sabuni isiyo na nta, suuza, acha ikauke kabisa hata kwenye vichwa vya ribiti na maungio ya mabati. Kisha futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza chenye alkoholi, cha pili kikavu kinachofuata mara moja kabla haijayeyuka hewani. Ukiacha alkoholi ikauke yenyewe, uchafu iliouyeyusha unarudi palepale. Lami na mafuta yaondoe kwanza kwa dawa yake.

Joto zuri la kufanyia kazi ni nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi, na hilo ni joto la bodi, si la hewa. Chini ya nyuzi 10 gundi ni ngumu mno kushika. Bodi iliyopigwa jua la mchana nayo ni hatari: gundi inashika ikigusa tu, na ukijaribu kuinyanyua unainyoosha vinaili. Fanya kivulini.

Pitisha skwiji kutoka katikati kwenda nje, kila mpito ukipandana nusu na uliotangulia. Gundi hii huamshwa na msukumo. Sehemu iliyopapaswa tu haijabandikwa. Ipe saa 24 hadi 72 kabla ya kuingia barabara kuu.

17. Naweza kubandika kwa maji ya sabuni?

Kwa vinaili yenye mifereji ya kutolea hewa kwenye gundi yake, hapana: maji hubaki ndani ya mifereji. Kwa gundi laini isiyo na mifereji inawezekana kwenye vipande vidogo, lakini sabuni hupunguza mshiko, na gundi ya kubandulika haina mshiko wa kupunguza. Fanya kavu.

18. Nitumie praima au mkanda wa kuzibia kingo?

Praima usitumie. Kazi yake ni kuifanya gundi ishike daima, na kwenye ukanda uliopakwa praima rangi ndiyo itakayoachia kwanza. Mkanda mwembamba wa kuzibia kingo unafaa kwenye ukingo wa mbele unaopigwa na upepo, ila uwe umekaa juu ya vinaili zaidi na uingie kwenye rangi kidogo tu.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kukata vizuri. Malizia vinaili milimita 3 hadi 6 kabla ya ukingo wa bodi, usiikunje kuzunguka kona, na zungusha pembe zote ziwe mviringo. Pembe kali ndiyo huanza kunyanyuka. Kukata tumia uzi wa kukatia uliowekwa chini ya vinaili, au kata kabla ya kubandika. Kisu juu ya rangi huacha mkwaruzo utakaobaki hata baada ya kampeni kusahaulika.

19. Kingo zimenyanyuka baada ya siku mbili. Tatizo ni nini?

Nusa na uguse gundi. Ikinuka solventi na kunata kama asali, wino haukukauka (swali la 13). Ikiwa na unga, ni rangi iliyochakaa (swali la 8). Ikiwa safi na ikishika kidole vizuri, uso ulikuwa na nta au silikoni, au skwiji haikufika ukingoni. Ikiwa imejikunja kwa nje kwenye mzunguko wote, ni laminesheni isiyolingana (swali la 12), na hiyo haina tiba. Hizi nyingine: kata sehemu iliyonyanyuka, safisha, weka kiraka chenye pembe za mviringo. Kurudishia ukingo mchafu kwa joto hakudumu.

20. Trela ioshwe vipi?

Kwa mkono, sabuni laini, baada ya siku tatu za mwanzo. Mashine ya presha inawezekana kwa pua ya mtawanyiko mpana, umbali usiopungua sentimita 30, ukielekeza maji moja kwa moja usoni na si kwa mshazari kuelekea ukingo. Mafuta ya dizeli yakimwagika yafute papo hapo, kwa sababu hulainisha utando na gundi.

## Kubandua

21. Hatua za kubandua ni zipi?

Chagua siku ya joto la wastani au fanya ndani. Vinaili baridi hukatika. Anza pembe ya juu, pasha eneo la nusu mita mpaka uso ufike nyuzi 50 hadi 60, inyanyue kwa kucha au kikwanguo cha plastiki, kisha vuta polepole kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, ukipasha mbele kidogo ya mstari unaoachia.

Tazama mstari huo wa kuachia. Ukiona gundi inatoka yote na utando, endelea kwa mwendo huohuo. Ukiona nyuzi nyembamba za gundi zikivutika kati ya utando na rangi kama utando wa buibui, joto limezidi: gundi imelainika mpaka inakatika yenyewe kwa yenyewe. Punguza joto, punguza mwendo. Ukiona vinaili inapasuka, joto halitoshi au unavuta kwa kasi. Ukiona rangi inanyanyuka, simama, badilisha mwelekeo wa kuvuta, na sehemu hiyo imalizie kwa vipande vyembamba.

22. Gundi imebaki. Niitoeje?

Tumia dawa ya kuondolea gundi yenye asili ya maganda ya machungwa. Paka, acha dakika chache ilainike, sukuma kwa kikwanguo cha plastiki, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Asetoni, tina na petroli ziache kabisa, zinalainisha rangi. Kikwanguo cha chuma nacho usikitumie.

23. Picha imetoka lakini kivuli chake kimebaki. Ni gundi?

Si gundi, kama alkoholi haibadilishi kitu. Rangi iliyofunikwa haikupauka, ya pembeni imepauka. Kupolishi bodi nzima hupunguza tofauti hiyo. Kwenye rangi nyekundu na bluu za zamani huonekana mapema zaidi.

## Hali zisizo za kawaida

24. Trela yangu ina pazia la turubai pembeni.

Vinaili ya kawaida haifai. Turubai ya PVC hukunjwa kila inapofunguliwa, na vilainishi vyake huhamia kwenye gundi na kuifanya kama ute. Zipo vinaili maalumu za turubai, ila gundi yake kwa kawaida ni ya kudumu. Kwa muda mfupi, bango la turubai la kufunga juu yake ni salama zaidi.

25. Paa je?

Paa linapigwa na jua kwa wima na maji husimama juu yake. Hesabu muda kuwa nusu ya ule wa ubavuni au pungufu, na kama hakuna atakayeliona kutoka juu, liache.

26. Naweza kubandika juu ya stika iliyopo?

Hapana kwa kazi ya kubandulika: utakapovuta ya juu, ya chini itakuja nayo vipande vipande. Kama lazima ya zamani ibaki, acha nafasi kuizunguka. Kama unaificha tu, iondoe kwanza. Ukitaka kuficha kivuli chake, chagua vinaili yenye gundi ya kijivu isiyopitisha mwanga.

27. Ni sehemu zipi zisifunikwe?

Taa, viakisi mwanga na mikanda yake, namba ya usajili, namba ya fremu, vibandiko vya uzito na shinikizo la matairi, matundu ya hewa, bawaba, na eneo la kutolea moshi wa jenereta au joto la jiko. Kuzunguka bomba la moshi acha nafasi ya kutosha kiasi kwamba mkono wako uvumilie joto la bodi pale vinaili inapoanzia.

28. Trela ni ya kukodi. Nichukue tahadhari gani?

Pata ruhusa ya maandishi, na uliza waziwazi ni bodi zipi zimewahi kupakwa rangi upya. Piga picha za kila bodi kwa karibu kabla ya kusafisha, hasa mikwaruzo na rangi iliyobanduka. Fanya jaribio la swali la 11 mwenye trela akiwepo.

29. Kampeni imeongezwa miezi minne. Niiache stika?

Kama tarehe mpya bado iko ndani ya muda wa kubandulika, iache, ila bandua sentimita 10 za pembe moja ya upande wa jua uone inavyotoka, halafu uweke kiraka. Rudia kila mwezi. Siku pembe hiyo inapoanza kuacha gundi, bandua trela nzima juma hilohilo na uchape upya, hata kama picha bado inang'aa.